Kosa la Kuwa Njiani

Mpwa wangu, kijana wa chuo cha ufundi, alikamatwa mjini Bungoma usiku wa Ijumaa akirudi kwa miguu kutoka kwa rafiki yake. Hakuwa amelewa, wala hakuwa na mali ya mtu mkononi. Aliulizwa atokako na aendako, akajibu. Akaombwa kitambulisho, akakitoa. Kisha akaamriwa apande gari. Alfajiri aliazima simu akanipigia: “Khocha, wanasema kosa langu ni kuzurura.”

Khocha ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita kaka wa mama, na jina hilo likitamkwa na mtu aliye taabani haliachi nafasi ya kusitasita. Nilikwenda. Kufikia adhuhuri alikuwa ameachiliwa bila kufunguliwa mashtaka, na mama yake akamshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Kwangu hayakuwa yamekwisha. Kosa hilo nimekutana nalo tangu ujana wangu, kwanza nikiwa mkamatwa, baadaye nikiwa mkalimani wa mahakama, mtu aliyelipwa mshahara ili awaeleze wenzake kwa lugha zao kwamba wameshtakiwa kwa kuonekana barabarani. Siku hizi kuna mazungumzo mengi nchini ya kuyafuta makosa madogo ya namna hii kwenye vitabu vya sheria. Wanasheria wamesema yao, na wamesema vizuri. Mimi nataka kusema niliyoyaona kati ya Kitale na Bungoma, maana watu walionifundisha jambo hili hawakuwahi kuulizwa maoni yao na yeyote.

Nilizaliwa upande wa Kimilili, mahali ambapo asubuhi ikiwa safi unauona Mlima Elgon wote. Kwetu tohara hufanyika mwezi wa Agosti, miaka ya shufwa, nami niliingia katika kundi la mwaka 1976. Kabla ya siku yenyewe mvulana huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika. Hushika chinyimba, zile njuga za chuma anazozigonga kwenye vikuku vya mikononi, na nyuma yake hufuata ndugu na marafiki wakiimba. Nilikwenda Kamukuywa kwa shangazi, nikapita Naitiri, nikavuka hadi Trans Nzoia, upande wa Kiminini, kwa baba mdogo aliyekuwa amenunua ekari chache kwenye shamba la mlowezi aliyeondoka. Nikarudi nikaishia kwa khocha wangu karibu na Chwele, ambako alichinjwa fahali nami nikavishwa shingoni luliki, ule ukanda wa nyama unaokatwa kifuani mwa ng'ombe.

Tulikatiza mashamba ya watu tusiowajua, tukapita nyuani mwao, tukalala popote giza lilipotukuta. Hakuna aliyetusimamisha. Chinyimba zikilia kila mtu alijua tunatafuta nini, na hata asiye jamaa alitoka mlangoni kututazama na kututupia neno la kututia moyo. Mzunguko ule ulipokwisha nilijua nani ni ndugu yangu na kwa upande upi, mto Kuywa unavukika wapi mvua ikinyesha, boma lipi lina ugomvi wa zamani na baba, na mlango upi nigonge nikiwa na njaa. Hakuna darasa lililonifundisha hayo. Wazee waliamini kwamba mvulana asiyezunguka hawezi kuwa mtu mzima, kwa kuwa hatakuwa na watu, na sijawahi kuona sababu ya kuwapinga.

Babu yangu aliijua njia ile ile ya Kiminini kwa namna nyingine. Alikuwa kijana wakati ardhi ya Trans Nzoia ilipogawiwa walowezi wa Kizungu, wengi wao askari waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 yeye alikuwa kibarua kwenye mahindi yao upande wa Endebess. Alivaa kipande. Leo watu huiita kipande karatasi yoyote ya utambulisho, lakini kile cha babu kilikuwa na uzito wake. Sheria ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi alizofanya, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Mwajiri alitia sahihi alipomwajiri mtu na tena alipomwachisha. Ukikutwa njiani bila sahihi ya kuachishwa, wewe ni mtoro. Na waliokaa na familia zao kwenye shamba la mlowezi walitakiwa, kwa sheria ya mwaka 1918, kumfanyia kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka. Baadaye siku hizo ziliongezwa.

Mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza, babu alitembea usiku kutoka Endebess hadi Kimilili kumwona, akiikwepa barabara, akilala ndani ya mahindi kulipopambazuka. Alikuwa akienda nyumbani kwake mwenyewe. Alitusimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alishika shingo yake, pale kamba ilipokuwa. Ni pale pale nilipovishwa luliki.

Utotoni nilikichukulia kisa kile kuwa cha ushujaa. Nilipoanza kazi mahakamani na kusoma vitabu vya sheria ndipo nilipokielewa. Sheria haikuogopa miguu ya babu. Iliogopa kwamba kibarua anayeweza kuondoka anaweza pia kukataa mshahara mdogo. Waingereza waliliona hilo kwao kabla ya kulileta kwetu. Mwaka 1349 tauni ilikuwa imeua umati wa watu Uingereza, wafanyakazi wakawa adimu, malipo yakapanda. Mfalme Edward wa Tatu akatoa amri ya kuwalazimisha maskini wenye nguvu wafanye kazi kwa malipo ya zamani na kuwazuia kuwaacha mabwana wao. Kutoka hapo zikafuata karne za sheria za kuwakamata wanaotembea ovyo, hadi ile ya mwaka 1824, iliyotungwa wakati barabara za Uingereza zimejaa askari walioachishwa baada ya vita vya Napoleon, hawana kazi wala paa. Mawazo hayo ndiyo yaliyopanda meli. Yaliingia katika Sheria ya Adhabu ya Kenya ya mwaka 1930 na katika sheria mahususi ya uzururaji, na wakoloni walipoondoka yenyewe yalibaki.

Yalinikuta Kitale. Ilikuwa mapema miaka ya 1980, nimemaliza Kidato cha Nne, nina cheti ndani ya bahasha ya kaki na viatu vya kaka yangu. Kitale ulikuwa mji wa matumaini kwa kijana wa kwetu. Kulikuwa na Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa huko mwaka 1956, kulikuwa na maghala ya mahindi, na kulikuwa na mashamba makubwa yaliyohitaji vibarua wakati wa palizi na wa kuvuna. Nilikaa Matisi kwa jamaa yangu aliyekuwa fundi baiskeli. Kila asubuhi nilikwenda kusimama kwenye malango nikingoja nyapara atoke na kuonyesha kidole: wewe, wewe na wewe. Alasiri, nisipochaguliwa, nilizunguka mjini kuuliza kwenye maduka na karakana.

Jioni moja karibu na stendi ya magari askari wawili walinisimamisha. Mazungumzo yetu nayakumbuka yote kwa sababu yalikuwa mafupi.

“Unafanya nini hapa?”

“Natafuta kazi, afande.”

“Kwa hiyo huna kazi.”

“Sina bado.”

“Twende.”

Sijapata kusikia hoja iliyonifunga haraka namna ile. Jibu la kweli na la heshima ndilo lililokuwa ushahidi. Ningedanganya kwamba ni karani mahali fulani, pengine ningeachwa. Cheti changu hawakutaka kukiona.

Ndani ya seli nilikuta watu wa namna nyingi. Alikuwamo Mpokot aliyekuja kuuza mbuzi na kukosa gari la kurudi Kapenguria. Kulikuwa na mvulana wa Kipsongo, mtaa wa maskini ambao familia nyingi za Waturkana ziliufanya makao, ambaye alijua jina la kila askari na kila askari alijua lake. Kulikuwa pia na mzee mmoja Mturkana aliyezaliwa kwenye shamba la mlowezi, babake akiwa mchungaji wa ng'ombe wa mlowezi huyo. Asubuhi tulipopewa onyo na kuambiwa kila mtu arudi kwao, mzee yule aliuliza kwa unyenyekevu mkubwa, “Kwetu ni wapi, bwana mkubwa? Mimi ni wa hapa.” Hakujibiwa. Shamba alilozaliwa lilikuwa limeuzwa na kugawanywa, na jina la babake halikuandikwa kwenye hati yoyote. Nimelibeba swali lake kwa miaka yote hii. Amri ya kumrudisha mtu kwao humfaa mwenye kwao. Nilikuwa na Kimilili yangu ya kurudi. Yeye alitoka nje ya geti la kituo, akasimama kando ya barabara, na papo hapo kosa lake likaanza upya.

Sikurudi Kimilili. Nilipata vibarua, nikajifunza Kisabaoti na Kipokot cha kutosha kwa kuishi na wenye lugha hizo, na lugha hizo ndizo zilizonipa ajira ya kudumu mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipochukuliwa kuwa mkalimani katika mahakama za magharibi ya nchi. Mahakama zetu huandika kwa Kiingereza. Hakimu anaweza kutoka Machakos, mwendesha mashtaka Kisii, mshtakiwa miteremko ya Elgon. Katikati yao yupo mtu mmoja mwenye shati jeupe anayesema kwa niaba ya wote, na maisha ya mshtakiwa hupita mdomoni mwake.

Kazi hiyo ina historia yake karibu na kwetu. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria mwishoni mwa mwaka 1952, mawakili wao waliishi Kitale na kusafiri kwenda kortini, maana Kapenguria ilikuwa katika wilaya iliyofungwa, mtu haingii bila kibali. Mkalimani wa kwanza wa kesi ile alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, na wakili D. N. Pritt alimpinga hadi akajiondoa, kwa kuwa tafsiri yake haikuaminiwa na upande wa utetezi. Niliposoma habari hizo nilielewa kwamba kiti changu hakikuwa kidogo kama mshahara wake.

Kuna hukumu ambayo kila karani wa korti Kenya huifahamu, Adan dhidi ya Jamhuri, ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, mwaka 1973. Inasema mshtakiwa asomewe shtaka na kila kiungo chake katika lugha anayoielewa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, na akikubali, asimuliwe mambo yalivyotokea apate nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya watu kama mzee mmoja Msabaoti aliyeletwa mbele yetu asubuhi moja, koti lake la mvua limejaa matope hadi magotini. Shtaka lilisema alikutwa usiku akirandaranda bila sababu ya halali. Nikamsomea. Akaniangalia kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo la wazi, akasema, “Ni kweli, nilikuwa natembea.”

Ningeishia hapo, hakimu angeandika kwamba amekiri. Niliomba ruhusa niyatoe maneno yake yote, kwa sababu mzee alikuwa hajamaliza. Alikuwa akienda kwa wakwe kufuatilia ng'ombe wa mahari ya binti yake, ametembea tangu mchana, mvua ikamchelewesha mtoni. Katika lugha yake kutembea ni kutembea. Shaka iliyokuwa ndani ya hati ya mashtaka haikuwa na pa kuingilia katika kichwa chake, na alikiri mwendo, hakukiri kosa. Hakimu aliinua kalamu, akaandika kwamba amekana, na mwendesha mashtaka akaliondoa shtaka kabla ya chakula cha mchana. Nilimsindikiza hadi nje kumwonyesha barabara ya kwao.

Tangu siku hiyo nilianza kuyasikiliza kwa makini maneno yenyewe ya Kiingereza. Lugha hiyo ina maneno mengi kupita kiasi ya kwenda bila haraka. Lipo la anayekwenda kuhiji, la anayenyoosha miguu baada ya chakula, la mpenda milima mwenye mkoba mgongoni, la kijana anayezunguka nchi za watu kabla ya kuanza chuo, la mtalii. Yote hayo husifu. Yapo pia mengine, ya asiyetulia, asiye na makao, asiye na njia inayoonekana ya kujipatia riziki, anayechelewachelewa mahali pasipomhusu. Haya ya pili ndiyo niliyokabidhiwa asubuhi baada ya asubuhi. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona mtu aliyestahili neno la kundi la kwanza akisimama kizimbani kwa sababu ya neno la kundi la pili, ingawa miguu ilifanya kazi ile ile.

Si mbali na Kitale ipo Mbuga ya Taifa ya Saiwa, iliyotangazwa mwaka 1974, ndogo kuliko nyingine zote nchini, mahali pa kumwona nzohe, yule swala wa majini. Mbuga hiyo huzungukwa kwa miguu tu. Nilikuwa nikiwaona wageni wakishuka kwenye matatu mjini, vumbi hadi kwenye nyusi, hawajui watalala wapi, wakiuliza njia. Watu waliwakimbilia kuwasaidia, na walifanya vyema, ugeni ni jambo la kuheshimiwa. Dakika hiyo hiyo, ng'ambo ya barabara, kijana kutoka Kwanza au Saboti mwenye vumbi kama lao na asiyejua atalala wapi kama wao alikuwa akihesabiwa kuwa hatari kwa mji.

Wanawake ndio walioniumiza moyo zaidi. Mhudumu wa hoteli hufunga kazi saa nne za usiku, matatu zimekwisha, pikipiki inataka pesa ambazo zingenunua unga. Anatembea. Wengi wa aina hiyo waliletwa mbele yetu, na hati ya mashtaka ilikuwa imeshaamua wao ni akina nani kabla sijafungua mdomo. Mmoja alileta aproni yake ya kazi ndani ya mfuko wa plastiki, imelowa, ina harufu ya vitunguu, akaomba hakimu aishike. Wengi walikiri tu ili walipe faini na kuwahi zamu ya jioni. Niliwatafsiria neno la kukiri huku nikijua hawamaanishi. Maneno yao yaliandikwa kama walivyoyasema, hivyo ndivyo kazi ilivyotaka. Ila korti haikuwa imesikia habari yenyewe, kwamba mtu aliyekuwa akitoka kazini alikuwa akilipa faini kwa kukosa kazi.

Kisha yakaja machafuko ya mwisho wa mwaka 1991 na mwaka 1992, Endebess na sehemu za Mlima Elgon. Nyumba zilichomwa, watu wakakimbilia makanisani, masokoni, kwenye veranda za maduka ya Kitale na Bungoma. Mjini wakaonekana watu wazima, wakulima waliokuwa na maghala yaliyojaa miezi michache kabla, wakizunguka na blanketi begani. Sheria ya Uzururaji, Sura ya 58, ilikuwa bado hai. Ilimtazama mtu asiye na makao ikauliza kwa nini hana makao, lakini haikutaka jibu. Wakati huo niliacha kabisa kuamini kwamba sheria hii ingeweza kutumiwa vizuri na watu wema. Nilifanya kazi na mahakimu wema. Walikuwa wakiwaachilia watu mmoja mmoja, na kesho yake gari likaleta wengine.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1997, pamoja na zile zilizofunga wilaya za kaskazini, katika mageuzi ambayo wabunge wa chama tawala na wa upinzani walikubaliana kabla ya uchaguzi. Sisi makarani tulifurahi. Niliamini nisingeisikia tena. Baada ya wiki chache nyuso zilikuwa zile zile na karatasi ndizo zilizobadilika: kuleta fujo, kulewa na kukosa adabu, kuvunja sheria ndogo za manispaa kuhusu kusimama au kuchuuza pasiporuhusiwa. Mchuuzi wa soksi aliyekuwa mzururaji mwezi uliopita sasa alikuwa mvuruga amani. Nilimsomea shtaka jipya, naye akaniuliza kwa Kibukusu kama ni lile la zamani.

Katiba ya mwaka 2010 ilinipa maneno ambayo ningeyatamani nikiwa kijana pale stendi. Kifungu cha 39 kinampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako, na kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote Kenya. Kifungu cha 49 kinataka mkamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Cha 50 kinampa mkalimani bila malipo. Nilistaafu nikiwa na matumaini.

Wenzetu wamekwenda mbele. Malawi, Januari 2017, Mahakama Kuu ilibatilisha kosa la uzururaji katika kesi ya Mayeso Gwanda, mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa akielekea kutafuta riziki. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni baada ya kuombwa na Muungano wa Mawakili wa Afrika, ikasema sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika: utu wa mtu, usawa, uhuru wake, haki yake ya kutembea, hata ulinzi wa familia yake. Iliyataka mataifa yazifute au yazirekebishe. Ni maoni ya ushauri, hayamfungi mtu kama hukumu, lakini niliyasoma yote nikiwa nimekaa chini ya mwembe wangu na nikawaona humo watu wote niliowatafsiria. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda, ng'ambo tu ya Lwakhakha na Malaba, ikafuta vifungu vya kwao. Na Waingereza wenyewe, Bunge lao lilipitisha mwaka huo huo wa 2022 kwamba ile sheria yao ya 1824 ifutwe.

Nchini kwetu kosa limesambaa ndani ya sheria ndogo na ndani ya mazoea, na mazoea ni magumu kuyafuta kuliko kifungu. Askari aliyemkamata mpwa wangu ni kijana wa umri wake. Ameona wakubwa wake wakifanya msako Ijumaa usiku, naye akafanya. Sidhani alimchukia. Pengine hakuwahi kuambiwa kwamba swali la “unakwenda wapi” linaweza kujibiwa na kuishia hapo.

Kwa hiyo nimerudi kwenye ile kamati inayowakutanisha mahakimu, polisi, magereza, mawakili na wananchi wanaotumia mahakama, ambako wastaafu kama mimi hukaribishwa. Nilileta pendekezo moja: hati yoyote ya mashtaka inayohusu mtu kukutwa mahali iseme alifanya kitendo gani, saa ngapi, na nani alidhurika, na isiyosema hivyo isipokelewe na karani. Nilipomaliza, ofisa mmoja wa polisi aliniuliza, kwa adabu, “Mzee, na yule anayevizia nyumba za watu usiku tumwache?” Ni swali la haki, na mwenye duka aliyevunjiwa Kanduyi ana haki ya kuliuliza.

Nilimjibu kwamba wizi una kifungu chake. Kuvunja nyumba kuna kifungu chake. Hata anayejiandaa kuvunja, aliyekutwa na vifaa vya kazi hiyo, Sheria ya Adhabu inamjua na imemwekea adhabu. Hao wote wamefanya jambo linaloweza kutajwa na kuthibitishwa, na mimi mwenyewe nimewatafsiria wengi wao hadi wakafungwa bila kunikosesha usingizi. Ninaowaombea ni wale ambao ukiondoa shaka kwenye karatasi yao hakibaki kitu. Aliuliza kama nina mfano ulioandikwa wa hati ya namna ninayoitaka. Nilikuwa nao, kurasa mbili, kwa Kiswahili na Kiingereza, na hakimu mwenyekiti akaagiza nakala zitolewe kwa kila kituo kabla ya kikao kijacho.